Baba anataka mia kwa mia kwenye simu ya watafiti

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa pili kati ya watoto wanne, na ndiye niliyebaki Korogwe na wazazi. Baba ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Miaka michache iliyopita tulianza kuona mwandiko wake unakuwa mdogo. Anaanza mstari vizuri, akifika mwisho herufi zimebanana hata yeye mwenyewe hazisomi. Baadaye mkono wa kulia ukaanza kutetemeka akiwa amekaa tu, na miguu ikawa mizito. Majirani walisema mengi, unajua mambo ya kwetu. Mwishowe daktari bingwa wa hospitali ya rufaa akatuambia ni ugonjwa wa Parkinson, akamwanzishia vidonge vya levodopa. Kweli alipata nafuu, ila siku hizi dawa inaisha nguvu kabla ya saa ya kidonge kinachofuata.

Mwaka huu kliniki iliwauliza wagonjwa nani yuko tayari kuingia kwenye utafiti unaofanywa pamoja na chuo kikuu cha nje. Baba alisomewa fomu, akauliza maswali yake, akasaini. Akapewa kitu cha kuvaa mkononi kinachofanana na saa lakini hakionyeshi saa, pamoja na simu janja yenye programu. Asubuhi na jioni simu inalia. Anatakiwa agonge vitufe viwili kwa vidole viwili haraka awezavyo, aseme "aaaa" kwa pumzi moja mpaka ikate, kisha aitie simu mfukoni atembee kwenda na kurudi.

Tatizo ni kwamba Baba amegeuza jambo hili kuwa mtihani. Simu ikilia asubuhi kidonge hakijafanya kazi, anaizima. Anakunywa chai, anasubiri mkono utulie, anajizoeza kugonga vidole pembeni ya meza, ndipo anaiwasha, saa nne hivi. Akimaliza ananiuliza, "Nimepata ngapi?" Simu haitoi alama, na hilo linamuudhi kweli. Jioni akiwa amekakamaa hagusi kabisa. Anasema hawezi kutuma kazi mbovu Ulaya.

Kaka yangu anaishi Leeds, Uingereza. Kila akipiga simu ni hilo hilo: Baba anaharibu utafiti wa watu, nimlazimishe. Anataka nimpe namba ya siri ya programu aangalie mwenyewe. Tena amesoma kwamba saa za mkononi zinagundua Parkinson miaka saba kabla ya daktari, sasa anataka sisi watoto wote tununue saa tujipime. Mama naye anaamini ile saa inasikiliza. Wakianza kuzungumza habari za shamba anaufunika mkono wa Baba kwa khanga.

Mimi ndiye ninayechaji, ninayenunua bando, ninayekumbusha, na ninayegombezwa na kila upande. Shangazi, je, nimlazimishe Baba? Niwaambie watafiti anachofanya, au nitakuwa nimemsaliti? Sauti yake inakwenda wapi? Na sisi tunapata nini?

Ni mimi, Binti wa Mwalimu.

(Pia nilitaka kuuliza: Baba anaoga na kile kisaa. Ni sawa?)

*

Marahaba, mwanangu.

Nilicheka pale Mwalimu anapojizoeza pembeni ya meza, kisha nikaacha kucheka. Niliuguza wagonjwa wa Parkinson kabla sijastaafu, najua kinachomsukuma. Mtu aliyesimama mbele ya darasa maisha yake yote hapendi watu waone mkono wake haumtii. Tumheshimu kwa hilo kwanza, mengine yafuate.

Nadhani hakuna aliyemweleza kwa nini simu hiyo ipo, au alielezwa harakaharaka siku ile ya fomu. Mkienda kliniki, daktari anamwambia afumbe na kufumbua kiganja, agonganishe kidole gumba na cha shahada, ainuke kwenye kiti, atembee. Anatazama, anaandika namba: 0 kama hakuna shida, mpaka 4 kama hali ni mbaya sana. Kipimo hicho, kilichofanyiwa marekebisho mwaka 2008, ndicho kinachotegemewa na madaktari wa ugonjwa huu duniani, wala si kibaya. Lakini kati ya 1 na 2 kuna nafasi pana. Halafu daktari anamwona baba yako kwa dakika chache, mara chache kwa mwaka, tena siku ambayo ameondoka nyumbani alfajiri na kumeza kidonge ndani ya basi ili afike akiwa vizuri. (Amefanya hivyo, muulize. Karibu wote hufanya.) Hali yake ya saa kumi na moja jioni daktari hajawahi kuiona.

Wanaotafuta dawa mpya wanataabishwa na jambo hilo kuliko hata madaktari wa kliniki. Parkinson inatokana na kufa kwa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia mwili kuanzisha na kuongoza mwendo. Levodopa hugeuka kuwa dopamini ikifika ubongoni, kwa hiyo inamwinua mgonjwa kwa saa kadhaa, lakini haizuii seli kuendelea kufa. Mpaka leo hakuna dawa iliyothibitishwa kupunguza kasi ya ugonjwa wenyewe. Ili kujua kama dawa fulani inafanya hivyo, mtafiti anahitaji kuona tofauti ndogo sana ndani ya mwaka mmoja au miwili, kwa watu ambao asubuhi wako hivi na jioni wako vile. Kwa macho ya daktari na namba chache, tofauti hiyo inaponyoka.

Ndipo vikaingia vihisi. Ndani ya simu na ndani ya kile kisaa kuna kihisi cha mwendo, kilekile kinachofanya picha igeuke unapoilaza simu. Mkono wa mgonjwa wa Parkinson ukiwa umepumzika hutetemeka kama mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na kihisi kinaweza kuutofautisha mtetemo huo na kupika ugali au kupiga makofi, kikifundishwa vizuri. Kugonga vitufe kunaonyesha kasi, na zaidi kunaonyesha kasi inavyopungua kadiri anavyoendelea kugonga, jambo ambalo jicho hulikosa. Ile "aaaa" inaonyesha sauti inavyoyumba na kufifia. Kutembea na simu mfukoni kunaonyesha urefu wa hatua na namna anavyogeuka, maana wagonjwa wengi hukwama wakati wa kugeuka.

Kwa hiyo jioni anayoificha Mwalimu ndiyo wanayoitafuta. Mwambie hivi, tena kwa lugha yake: mkaguzi akija shuleni akaonyeshwa madaftari ya wanafunzi watatu wa kwanza tu, ataandika nini kuhusu darasa? Yeye mwenyewe asingekubali ripoti ya namna hiyo. Simu haitoi alama kwa sababu hakuna jibu sahihi. Kugonga mara chache kidonge kikiwa kimeisha nguvu ni jibu kamili, na likilinganishwa na la saa nne asubuhi linawaambia watafiti dawa inachukua muda gani kushika na inaachia lini. Huenda hata daktari wake akapanga saa za vidonge upya akipata habari hiyo.

Lakini usimkubalie akigeukia upande wa pili. Namjua mtu wa aina hii: akielewa kwamba wanataka hali mbaya, anaweza kuruka kidonge ili awape mbaya kabisa. Asithubutu. Kukatisha levodopa ghafla kunaweza kumletea hatari kubwa. Anywe dawa kwa saa alizopangiwa, na simu ikilia afanye alivyo.

Mpe kazi inayomfaa. Awe anakutajia saa aliyomeza kidonge na saa aliyokula, wewe uandike, kwa kuwa mwandiko unamsumbua. Chakula nakitaja kwa sababu nyama, maharage na vyakula vingine vyenye protini nyingi vikiliwa karibu na kidonge vinaweza kupunguza levodopa inayoingia mwilini, na katika nyumba nyingi dawa "inayoisha nguvu mapema" imekutana na bakuli la maharage. Zungumzeni na daktari kuhusu hilo kabla ya kubadilisha chochote. Mwalimu akiwa na jedwali lake la saa na vidonge, nina hakika atalichora grafu kabla watafiti hawajachora yao.

Kuhusu watafiti, ndiyo, waambie, na humsaliti mtu. Bora zaidi awaambie yeye. Mpigieni muuguzi wa utafiti mseme: vipimo vya asubuhi vimefanyika mnamo saa nne asubuhi, kidonge kikiwa kimeshafanya kazi, na vya jioni vingi havipo. Kipimo chenye saa inayojulikana ya dawa kina faida. Kinachowapotosha ni kudhani kimefanyika kabla ya kidonge kumbe ni baada. Ile mizunguko ya mazoezi mezani nayo waitaje. Wanajua kwamba mtu akirudia zoezi huwa hodari wa zoezi lenyewe, ugonjwa ukiwa palepale, na wana njia za kuhesabia hilo.

Kaka yako anasema baba anaharibu utafiti. Mwambie asome zaidi. Machi 2015, shirika la Sage Bionetworks la Marekani lilianzisha utafiti wa Parkinson kwa iPhone, ukiitwa mPower, wenye mazoezi yanayofanana sana na ya baba yenu: kugonga, kutoa sauti, kutembea, na mchezo wa kumbukumbu. Zaidi ya watu 9,000 waliruhusu data zao zigawiwe kwa watafiti wengine, jambo kubwa mno kwa wakati ule. Shida ilikuwa kudumu. Mwaka 2020 wataalamu walikusanya tafiti nane za simu za nchini humo, mPower ikiwemo, zenye washiriki zaidi ya 100,000, wakakuta nusu ya watu waliacha ndani ya siku 5 na nusu. Siku tano! Waliodumu zaidi ni pamoja na wenye umri mkubwa, na wale walioelekezwa na daktari wao. Sasa huyu mzee wa Korogwe anayefanya kila siku, hata kama ni kwa ratiba yake mwenyewe, ndiye wa kuharibu utafiti?

Habari ya miaka saba ni ya kweli, ila kaka ameichukua nusu. Ulikuwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff uliotoka 2023, uliotumia data za zaidi ya watu 100,000 wa Uingereza waliovaa kihisi mkononi kwa wiki moja kati ya 2013 na 2016. Watafiti walipotazama nani baadaye aligunduliwa kuwa na Parkinson, wakaona mwendo wao ulikuwa umeshaanza kupungua, kwa wengine hadi miaka saba kabla ya daktari kuthibitisha. Hiyo ni hesabu ya kundi kubwa, iliyofanywa kwa kompyuta na akili mnemba. Haina maana kwamba saa ya dukani itamwambia dada yako wa Dodoma kama ataugua. Itamwambia amepunguza kutembea, na huenda ni kwa sababu ana mtoto mchanga. Pesa za kununulia saa hizo mtazipatia matumizi.

Tena wengi mno katika utafiti ule walikuwa Wazungu, na hapa ndipo ninapoona faida ya baba yako kuliko ambavyo yeye mwenyewe anajua. Programu ikifundishwa kwa watu wanaotembea kwenye sakafu tambarare na viatu vya kufunga kamba, itamwelewaje mzee mwenye kandambili anayepanda mlima wenye mawe, au aliyepakiwa kwenye bodaboda inayotikisika mwili mzima? Kompyuta haijui bodaboda mpaka ionyeshwe. Katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwahi kufanya kazi hiyo kwa miguu: nyumba kwa nyumba, wakiuliza maswali, katika eneo lenye wakazi zaidi ya 161,000. Matokeo yalitoka 2008. Walipata wagonjwa 33, na wengi wao hakuna aliyewahi kuwaambia jina la ugonjwa wao, seuze kupata dawa. Upande wa vinasaba, mwaka 2023 ilichapishwa kazi iliyowashirikisha Wanaijeria wengi, ikakuta badiliko katika jeni ya GBA1 linaloongeza uwezekano wa kupata Parkinson kwa watu wenye asili ya Afrika na ambalo kwa Wazungu ni nadra mno. Lisingeonekana kama watu wa huku wasingeombwa damu. Na mwendo nao ni hivyohivyo.

Umeuliza mnapata nini. Sitakudanganya: utafiti si matibabu. Baba yako anaweza kuvaa kile kisaa mwaka mzima na asipate nafuu hata kidogo kutokana nacho. Anachoweza kudai ni kuambiwa matokeo yakitoka, na kuuliza kama daktari wake ataona data zake. Tafiti nyingine zinaruhusu, nyingine haziruhusu mpaka ziishe. Na ninyi msigharamie chochote. Bando, nauli ya ziada, umeme wa kuchaji kama ni wa kulipia kwa jirani, vyote waulizeni watafiti nani analipa. Kama fomu haikusema, wakati wa kuuliza ni sasa.

Sauti. Hapa namuunga mkono mama yako, japo si kwa sababu yake. Vifaa vya kupima mwendo kwa kawaida havina kinasa sauti, kwa hiyo khanga haihitajiki, ingawa simu inacho na programu inakitumia wakati wa "aaaa". Lakini sauti ya mtu ni yake, inaweza kumtambulisha hata jina likifutwa. Fomu ya ridhaa aliyosaini ina nakala yake nyumbani, au inapaswa kuwepo. Itoe, msome tena mkiwa watatu na mama. Tafuteni sauti inahifadhiwa nchi gani, nani anaruhusiwa kuisikia, kama data zitagawiwa kwa makampuni ya dawa, na nini kinatokea akijitoa: zilizokwisha kukusanywa zinafutwa au zinabaki? Ana haki ya kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu na bila matibabu yake kuguswa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na imeweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Utafiti wa aina hii pia unatakiwa uwe na kibali cha maadili, na kwa ulioshirikisha chuo cha nje mtaje Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, uone kama watafiti wanayo namba ya kibali ya kukuonyesha. Wenye nayo hawakasiriki kuulizwa.

Namba ya siri usimpe kaka. Hata akilia. Aliyesaini ni baba yenu, na Parkinson haijamwondolea akili ya kuamua. Akitaka mwanawe aone, atamwonyesha mwenyewe. Ukiitoa bila yeye kujua, atakapogundua atakivua kile kisaa, na atakuwa na haki. Kwa sababu hiyohiyo usimlazimishe. Mweleze mara moja, vizuri, akiwa katika saa zake nzuri, kisha umwachie. Akisema asubuhi atafanya na jioni hataki, watafiti waambiwe hivyo na maisha yaendelee.

Wewe je? Katika barua nzima umejitaja kwa kazi tu. Kaka anayepiga simu kila mara kuuliza data anaweza kulipa mtu wa kukaa na Mwalimu Jumamosi ukaenda zako sokoni, au kanisani, au kulala. Mwandikie hivyo hivyo, bila kuzungusha. Akiuliza tena habari za programu, mpe namba ya huyo mtu wa kukaa na mzee.

Kuhusu kuoga: vifaa vingi vya aina hiyo vinastahimili maji ya kuoga, lakini si vyote, kwa hiyo muulize muuguzi wa utafiti. Kikiwa kinavuliwa, andika saa ya kukivua na ya kukivaa, la sivyo kompyuta itadhani Mwalimu alikaa bila kusogeza mkono. Na kabla ya kumrudishia, mkaushe ngozi chini ya mkanda, wazee hupata vipele hapo.